Kuchapa Viumbe wa Visasili kwa Lino: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Jumamosi asubuhi watu saba au wanane hukusanyika kwenye veranda ya nyuma ya nyumba yetu hapa Nyalenda, Kisumu, wakiwa na vipande vya lino, patasi na maswali. Maswali yenyewe ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayotoa, ili anayetaka kuanza peke yake kule Siaya, Kakamega au Homa Bay asilazimike kunisubiri. Kuna maswali niliyojibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayonikosesha usingizi, na mengine nimeyapitia haraka. Mtanivumilia.

Chapa ya lino ni nini hasa?

Ni mchoro unaochongwa kwenye bamba la lino; bamba linapakwa wino kwa rola, kisha linagandamizwa kwenye karatasi. Ulipochonga panabaki peupe, ulipoacha panatoka peusi. Aliyewahi kupigiwa barua muhuri kwa chifu, au kukata kiazi akakichovya kwenye rangi alipokuwa shule ya msingi, anaijua kanuni hii tayari.

Lino haikuzaliwa kuwa kitu cha sanaa. Mwingereza Frederick Walton aliisajili mwaka 1863 kama zulia la sakafu. Ni mafuta ya mbegu za kitani yaliyogandishwa na hewa, yakachanganywa na unga wa koki na unga wa mbao, kisha yakatandazwa juu ya kitambaa cha juti, ndugu yake gunia. Wasanii waliigundua baadaye: kundi la wasanii wa Ujerumani, Die Brücke, lililoanzishwa Dresden mwaka 1905 liliichonga, na miaka ya hamsini mwishoni mchoraji Picasso akaishika kwa pupa huko kusini mwa Ufaransa. Hapa Afrika, kituo cha sanaa cha Rorke's Drift nchini Afrika Kusini kilitoa mabingwa wawili ambao ningependa kila anayeanza awatazame kabla ya kumtazama Mzungu yeyote: Azaria Mbatha, na John Muafangejo wa Namibia (1943–1987). Muafangejo alikuwa na nyeusi na nyeupe tu, na bado chapa zake zimejaa watu, ng'ombe, majumba na maneno kama soko siku ya mnada.

Kwa nini viumbe wa kale? Kwa nini tusichore twiga na machweo kama wengine?

Twiga wako tele, na wanauzwa kila kibanda. Lakini sababu yangu ni nyingine.

Mchukue Ammit wa Misri. Katika mafunjo ya mwandishi Ani, yaliyochorwa mnamo 1250 K.K. na sasa yako British Museum, London, moyo wa marehemu unapimwa kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maati, mungu wa kike wa haki. Pembeni ya mizani ameketi Ammit, akingojea. Moyo ukiwa mzito kwa maovu, anaumeza. Ana kichwa cha mamba, kifua na miguu ya mbele ya simba, na nyuma ni kiboko. Mara ya kwanza nilipomweleza darasani, mvuvi mmoja kutoka Dunga aliyekuja kumsindikiza binti yake alicheka akasema, “Hao wote nawajua.” Alikuwa amesema jambo kubwa kuliko somo langu la siku hiyo. Mchoraji wa Misri hakubuni kitu asichokijua. Alikusanya wanyama watatu waliokuwa wakiua watu kando ya mto wake, akawashona pamoja. Na mto wenyewe ni Naili, ambao sehemu ya maji yake hutoka kwenye ziwa hili letu, yakipitia Jinja.

Basi ninachofundisha ni mshono. Kiumbe wa kisasili ni wanyama wawili au watatu wa kweli, na kazi yote ya sanaa iko pale mmoja anapoishia na mwingine kuanza. Kichwa cha tai kinaweza kuchorwa na mtu yeyote mwenye subira. Mwili wa simba pia. Shingo, pale manyoya ya ndege yanapogeuka kuwa manyoya ya simba, ndipo mtu anapojulikana kama ameangalia wanyama au amenakili picha ya simuni.

Watu wa kale waliufanyaje huo mshono?

Kuna waliouficha. Miungu wa Misri wenye vichwa vya wanyama huvaa nywele za bandia ndefu zinazoshuka mpaka mabegani, na shingo ya mnyama inaishia humo ndani bila mtu kuona inavyoungana na mabega ya binadamu. Ni hila ya fundi cherehani: pale kitambaa kisipolingana, weka ukosi.

Kuna waliotumia ruwaza moja mwili mzima. Joka la Babeli, mushushu, lililo kwenye Lango la Ishtar la mfalme Nebukadreza wa Pili (karibu 575 K.K., sehemu ya lango sasa iko Berlin), lina kichwa cha nyoka chenye pembe, miguu ya mbele ya simba, ya nyuma ya tai, na mkia wa ng'e. Mchanganyiko huo ungeweza kuwa vurugu. Lakini mwili umevikwa magamba, na magamba hayo ndiyo yanayolifanya lionekane mnyama mmoja aliyezaliwa hivyo.

Halafu kuna walioacha mshono wazi bila haya. Kimera wa Arezzo, sanamu ya shaba nyeusi ya Waetruski, watu wa kale wa Italia, iliyofukuliwa huko mwaka 1553, ni simba ambaye kichwa cha mbuzi kimechomoza mgongoni mwake kama chipukizi. Hakuna ukosi wala magamba. Na inatisha zaidi kwa sababu hiyo.

Kabla hujashika patasi, amua wewe ni wa njia ipi.

Mimi ni mgeni kabisa. Nianze na kiumbe gani?

Anza na Tawereti. Ni kiboko jike aliyesimama kwa miguu ya nyuma, tumbo kubwa la mimba, makucha ya simba, na mgongo wa mamba unaoteremka mpaka mkiani. Wamisri walimweka ndani ya nyumba alinde wajawazito na watoto. Umbo lake ni duara kubwa lenye vitu vichache vilivyochomoza, kwa hiyo hata mkono ukiteleza bado anatambulika.

Usianze na lamasu. Najua anavutia: yule fahali wa Ashuru mwenye mabawa na kichwa cha mwanamume mwenye ndevu, aliyesimamishwa kwenye malango ya majumba ya wafalme kama Ashurnasirpali wa Pili na Sargoni wa Pili. Lakini ndevu zake ni vijipindo mia moja, na miguu ni mitano. Ndiyo, mitano. Ukimtazama mbele unaona miwili imesimama imara. Ukimtazama ubavuni unaona minne inatembea. Fundi alitaka kila anayepita aone mnyama kamili. Kijana mmoja darasani alidhani ni kosa la picha akaufuta mmoja. Alipojua, chapa kumi zilikuwa zimeshakauka kwenye kamba.

Kwani sisi hatuna viumbe wetu? Kwa nini tuende Babeli?

Tunao, na wachonge pia. Kuna Omieri, chatu wa Nyakach aliyevuma nchi nzima mwaka 1987, ambaye watu humhusisha na mvua na mavuno mema. Kuna mazimwi ya hadithi za bibi zetu: apul-apul kwa Wajaluo, amanani kwa Waluhya. Wanandi wana Chemosit, ambaye afisa wa kikoloni A. C. Hollis alimweleza mwaka 1909: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa, na matako tisa, ambayo bado sijamwona mwanafunzi akiyachonga.

Tatizo ni kwamba viumbe hawa walikaa midomoni na si kwenye kuta. Hakuna mchoro wa kale wa Chemosit wa kutazama na kujifunza fundi aliufanyaje. Michoro ya kale iliyopo kwenye miamba ya upande wetu, kwa mfano kisiwani Mfangano, ni miduara ndani ya miduara na mizunguko, ya rangi nyekundu na nyeupe. Kule Kakapel katika kaunti ya Busia utakuta na ng'ombe. Zimwi hakuna. Kwa hiyo nawaambia wajifunze mshono kwa Wamisri na Wababeli, kisha wamchonge Chemosit kwa akili zao. Na miduara ya Mfangano nzuri sana kwa mandhari ya nyuma.

Anayetaka kiumbe wa kale wa Afrika asiyeonekana sana, amtafute mungu Apedemaki wa Meroe, Sudan. Kwenye hekalu lake la Naqa, lililojengwa na mfalme Natakamani na malkia Amanitore karne ya kwanza baada ya Kristo, amechongwa ukutani akiwa nyoka mwenye mikono ya mtu na kichwa cha simba, akichomoza kwenye ua la yungiyungi. Huyo anakaa vizuri mno kwenye bamba jembamba la kusimama.

Mama yangu anasema haya ni mambo ya kishetani. Nimjibuje?

Kwa heshima kwanza, na bila kubishana mbele ya wageni. Halafu mfungulie Ezekieli 1:10. Nabii yuko uhamishoni Babeli, kando ya mto Kebari, na anaona viumbe hai wenye uso wa mwanadamu, wa simba, wa ng'ombe na wa tai, wenye mabawa. Mama mmoja alisoma mstari huo kwenye veranda yetu, akanyamaza, akauliza kama naweza kumchapia hao hao kwa ajili ya ukumbi wa kina mama kanisani. Nilimchapia.

Baadhi ya wanafunzi Waislamu hawapendi kuchonga chenye roho. Sawa. Hao nawapa miduara ya Mfangano na mapambo ya mimea, na mara nyingi ndio wanaotoka na kazi safi zaidi.

Lino naipata wapi huku kwetu?

Lino halisi ya wasanii inauzwa na maduka ya vifaa vya sanaa Nairobi, na hutumwa kwa basi. Ni ya kijivu au kahawia, na mgongoni ina kitambaa cha juti. Usidanganyike na karipeti ya plastiki inayouzwa kwa mita sokoni Kibuye na madukani mjini, ingawa kila fundi ataiita lino. Hiyo ni plastiki. Inachongeka, tena nyepesi, ila wino unateleza juu yake. Ipitishe msasa laini kwanza, na uigundishe kwenye kipande cha ubao ili isijikunje. Wanafunzi wangu wengi huanzia hapo kwa sababu vipande vya mabaki havigharimu sana.

Kwa watoto, soli ya patipati iliyochakaa inatosha. Mzazi aliyetumwa na mtaala wa shule wa CBC atafute “vifaa vya kuchapia” saa tatu usiku ana jibu lake mlangoni.

Lino iliyokaa miaka mingi hukauka ikawa ngumu na kumeguka, maana mafuta yake hayaachi kuganda. Iweke juani dakika chache kabla ya kuchonga. Jua la Kisumu halihitaji kuombwa. Asubuhi ya baridi, ikalie.

Patasi ni ghali. Kuna njia nyingine?

Kuna mwavuli. Mwavuli ukivunjwa na upepo, usiutupe: zile mbavu zake za chuma zimekunjwa kama mfereji mdogo, na mfereji ndio umbo la patasi. Kata kipande cha urefu wa kidole. Nolea ncha yake kwenye jiwe la kunolea, ukiinamisha ili ukingo wa chini utangulie kidogo, kisha pitisha kipande cha msasa kilichokunjwa ndani ya mfereji kuondoa vinyweleo vya chuma. Upande wa pili uchomeke kwenye mpini wa mti. Mimi hutumia vijiti vya mpera. Inakata mstari mwembamba kama uzi. Kwa maeneo mapana utahitaji patasi pana, na fundi wa jua kali anaweza kukutengenezea ukimwonyesha mfano.

Noa mara kwa mara. Patasi butu ndiyo inayokukata, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu na inaruka. Mkono unaoshika bamba ukae nyuma ya patasi, daima. Hakuna anayesikia sentensi hii mpaka atokwe na damu.

Mbona chapa yangu imetoka kinyume?

Kwa sababu ndivyo ilivyo. Kila chapa ni taswira ya kioo. Mafundi wa Mesopotamia walilijua hili zaidi ya miaka 5,000 iliyopita: walichonga wanyama wenye mabawa kwenye vijiwe vya mviringo vidogo kama kidole, kinyumenyume, wakaviviringisha juu ya udongo mbichi, na mchoro ukatoka ukiwa sawa. Kwangu mimi hao ndio wachapaji wa kwanza.

Kwa hiyo chora kwa penseli laini kwenye karatasi nyepesi, igeuze kifudifudi juu ya bamba, sugua mgongo wake kwa kijiko. Penseli itahamia kwenye lino ikiwa tayari imegeuka. Karatasi ya kaboni nayo inafaa, ila hakikisha unapitisha mchoro uliogeuzwa.

Maandishi ndiyo mtego. Mwaka wangu wa kwanza nilichonga furukombe mwenye mwili wa simba, na chini yake KISUMU kwa herufi kubwa. Niliangalia I, U, M, U, zote ziko sawa, nikachapa nakala ishirini kwa ajili ya maonyesho. Bila shaka zilikuwa sawa: I, U na M hazibadiliki hata kwenye kioo. K na S tu ndizo zilizokuwa zinatazama ukutani, na nakala zote zilisomeka UMUSIK, S ikiwa mgongo mbele. Bado ninayo moja. Wageni hudhani ni Kifini.

Nikate nini, niache nini?

Hili ndilo swali lenyewe.

Tazama vyombo vya udongo vya Korintho vya karne ya saba K.K. Mchoraji alipaka sfinksi (simba mwenye kichwa cha mtu) au grifini (simba mwenye kichwa cha tai) akiwa kivuli kitupu cheusi, kisha akachukua sindano na kukwaruza mistari michache ndani ya weusi ule: bega, mbavu, manyoya ya bawa, jicho. Kila mstari ni udongo unaochungulia. Hakuna kijivu. Ni lino kabla ya lino, na mtu akielewa vyombo vile hahitaji mwalimu mwingine wa nyeusi na nyeupe.

Fanya kama wao. Kwanza kata umbo la kiumbe wako kwenye karatasi nyeusi kwa mkasi, bila mstari wowote wa ndani, umwonyeshe mtu asiyejua unachofanya. Akisema “mbuzi,” na ulikusudia joka, rudi kwenye karatasi. Hakuna gamba litakalookoa umbo baya.

Umbo likikubali, kila mnyama mpe mkato wake. Kwa Ammit wangu, mamba nampa viboksi vidogo, vikubwa mgongoni na vidogo kuelekea taya. Simba ni mikato mirefu iliyopinda, ikianza nyembamba, ikinenepa katikati na kuisha kwa ncha, kama jani la nyasi. Unaipata kwa kuingiza patasi polepole, kuididimiza, na kuiinua. Kiboko simgusi karibu hata kidogo. Ni mweusi mzito, mikunjo miwili mitatu pale paja linapokutana na tumbo, na jeraha moja refu la meno, kwa sababu kila kiboko dume niliyemwona ana makovu.

Sasa mshono. Viboksi vya mamba vinapofika mabegani navipunguza, navitenganisha, kimoja nakirefusha kidogo, kinachofuata zaidi, mpaka sijui tena kama ni gamba au ni unyoya wa simba. Sehemu hiyo, isiyozidi upana wa vidole vitatu, hunichukua muda kuliko mnyama mzima. Simba kwenda kiboko ni kinyume: mikato inapungua, inakuwa mifupi, inabaki miwili, mmoja, halafu giza.

Na acha vijistari vya patasi kwenye sehemu pana uliyoondoa. Wengi huzisafisha mpaka zing'ae. Zile alama zinazotoka kwenye wino kama nyasi zimelala upepo ndizo zinazoonyesha kwamba kitu kimechongwa kwa mkono.

Nitumie wino gani?

Wa maji ni rahisi kusafisha, lakini hapa kwetu saa sita mchana unakauka kwenye kigae kabla hujamaliza kupaka. Fanya kazi kabla ya saa nne asubuhi. Wa mafuta unatoa weusi mzito ninaoupenda; kasoro yake ni kwamba msimu wa mvua huchukua siku nyingi kukauka. Wino wa wapiga chapa wa mjini, unaouzwa kwa kopo, unafaa ukiweza kuwabembeleza wakuuzie kidogo.

Weka kiasi cha kijiko kwenye kigae au kioo, tandaza kwa rola mpaka usikie sauti kama manyunyu juu ya bati la jirani. Wino usiotoa sauti ni mwingi au ni majimaji. Ukionekana na vijichunusi kama ganda la chungwa, punguza.

Wino wa mafuta usafishe kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, kisha sabuni. Petroli sitaki kuiona kwenye veranda. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike: vinaweza kupata joto na kushika moto vyenyewe. Vitandaze nje, au viloweke kwenye ndoo ya maji.

Karatasi?

Manila inatosha kwa kujifunza. Kwa kazi ya kuuza tafuta karatasi laini isiyo na mng'ao. Kuna vikundi hapa ziwani vinavyotengeneza karatasi kutokana na gugu maji, na nimeijaribu: ni nzito, ina nyuzi, na inameza mistari myembamba. Mistari ya manyoya ya grifini ilipotea yote. Lakini Tawereti, mwenye maeneo mapana meusi, alikaa juu yake kama amerudi nyumbani.

Sina mashine ya kuchapia.

Hata mimi. Laza karatasi juu ya bamba lenye wino, ishike kwa mkono mmoja, sugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao kwa miduara midogo kutoka katikati kwenda nje. Inua pembe moja uchungulie, ukishikilia upande wa pili. Pakiwa na mabaka, laza tena usugue. Chapa ya ukubwa wa daftari inachukua dakika kama tano, na kesho yake bega litakwambia.

Mistari yangu myembamba imeziba. Tatizo nini?

Wino mwingi, mara tisa kati ya kumi. Ya kumi ni kwamba hukuchonga kwa kina cha kutosha. Futa bamba, chapa nakala mbili tatu kwenye gazeti bila kuongeza wino, na mistari itafunguka.

Naweza kutumia rangi zaidi ya moja?

Unaweza kuchonga bamba kwa kila rangi. Au utumie bamba moja: chapa nakala zote kwa rangi nyepesi, chonga zaidi, chapa rangi ya pili juu yake, chonga tena, mpaka nyeusi. Picasso ndiye aliyeifanya njia hii ijulikane. Hakuna kurudi nyuma. Ukitaka nakala kumi, anza na kumi na tano, kwa maana nyingine zitaharibika. Ili karatasi iangukie mahali pale pale kila mara, gundisha kona mbili za manila kwenye ubao, moja ya bamba na moja ya karatasi. Kwa mushushu jaribu manjano kisha buluu ya usiku, maana Lango la Ishtar ni la vigae vya buluu na linakubali.

Zile namba 3/15 zinaandikwa za nini?

Nakala ya tatu kati ya kumi na tano. Huandikwa kwa penseli chini kushoto, sahihi kulia. Ukishaandika 15, ni 15. Usirudi gizani kuchapa ya kumi na sita kwa sababu mteja amekuja na pesa.

Kazi za kale si za watu? Nitashtakiwa?

Aliyemchora Ammit hana wakili. Jihadhari na picha za leo: usinakili joka la mchezo wa kompyuta au la filamu, na picha iliyopigwa na mtu inaweza kuwa na haki zake. Jumba la makumbusho la The Met la New York, kuanzia mwaka 2017, imeachia picha za kazi zake nyingi zilizo huru zitumiwe na yeyote bila malipo, na humo kuna grifini, sfinksi na viboko vya Misri vya kutosha. Kwa wanyama wenyewe, nenda Hifadhi ya Impala ukamwangalie simba anavyolala, na Dunga asubuhi kabla boti hazijachangamka, viboko wakiwa bado juu. Chukua penseli, acha simu mfukoni. Furukombe akitua, tazama miguu, si kichwa.

Bamba nikishamaliza nalifanyaje?

Lisafishe, lilaze bapa mahali pasipo jua, karatasi katikati ya moja na jingine. Usilisimamishe ukutani, litapinda kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Langu la kwanza, lile la UMUSIK, lipo mlangoni veranda. Jumamosi watu hufutia viatu hapo.